Roho Inavyokutuma

Kila mteja alipofika wakati wa kulipa, Dobi aligeukia ukuta. Aliinua pasi, akaishusha juu ya shati ambalo tayari lilikuwa limenyooka kama karatasi, akalipiga pasi upya, taratibu, mgongo wake ukimwelekea mteja na masikio yake yakilisikiliza kopo. Kopo lilikaa mezani karibu na mlango, la bati, lenye kifuniko kilichotobolewa tundu katikati. Hakuhitaji macho. Noti ilitoa mkwaruzo wa mjusi anayepita kwenye majani makavu. Sarafu ililia. Na walikuwepo wateja ambao kopo halikusema neno juu yao. Hao ndio waliopenda kuaga kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mungu akuzidishie, binti yangu! Akuzidishie mara elfu!"

"Amina," Dobi aliujibu ukuta, na moyoni akaongeza: akizidisha ulichoweka wewe, tutazidisha sifuri hadi kiama.

Juu ya mlango, upande wa barabarani, yalikuwa yameandikwa maneno kwa rangi nyekundu: LIPA ROHO INAVYOKUTUMA. Wapita njia walisimama, wakayasoma, wakatikisa vichwa. Wengine walisema binti huyu ni mcha Mungu. Wengine walisema ni mjanja, lazima ana biashara nyingine ndani. Hakuna aliyeotea ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na hauna sura: Dobi aliona haya kutaja bei.

Chumba hicho cha kufulia kilikuwa cha mama yake. Mama yake alitaja bei kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe, bila kupepesa macho wala kuomba radhi. Kifua kilipoanza kumbana kwa ajili ya mvuke na moshi wa mkaa, aliketi nyumbani, akamkabidhi binti yake beseni, pasi, kamba na wateja. Ulimi hakumkabidhi. Siku ya kwanza alikuja mwanamume kuchukua suruali mbili, akauliza, "Kiasi gani?" Dobi aliijua bei kama anavyoijua njia ya kwao. Ilipanda hadi kooni ikakwama pale, haiendi mbele wala hairudi. Masikio yalimwaka moto. "Utakavyoona mwenyewe," akasema.

Yule mwanamume aliona nusu. Akaenda kuwaambia wenzake, nao wakaja kuona robo. Mchora mabango alileta ovaroli zenye rangi zisizotoka hata kwa dawa, na badala ya kulipa akapanda ngazi, akaandika yale maneno juu ya mlango. Tangu hapo alijihesabu kuwa amelipia hata ovaroli ambazo hajazichafua bado. Hivyo ndivyo aibu ilivyovishwa joho ikaitwa wema.

Watu walipoachiwa roho zao zichague, zilichagua. Mwalimu alilipa kwa mawaidha. Alikuja kila Jumatatu na mashati yenye vumbi la chaki mifukoni, akasimama mbele ya meza akimweleza Dobi umuhimu wa kuweka akiba. "Haba na haba, binti," alisema, akatumbukiza haba ya kwanza. Ile ya pili hakuileta kamwe. Bibi harusi mmoja alilipa kwa kipande cha keki kilichokauka kama sponji. Karani mmoja, aliyevaa vizuri kuliko mshahara wake, alilipa kwa kumwita "dada yangu". Undugu huo ulianza alipopokea nguo na kuisha alipovuka barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Walisahau kuongeza kwamba dobi hukifahamu kabla yako.

Lakini hakuna aliyempa Dobi raha kama Mzee wa Mikutano. Huyu hakukosa kikao cha mtaa hata kimoja, na kila kikao alisimama akahubiri uaminifu mpaka povu likamkaa pembeni mwa mdomo. Alipolipa, kopo lililia vizuri tu. Siku moja Dobi alifungua kifuniko akakuta kifungo. Kifungo cha kahawia, chenye ufa ukingoni. Alikitambua papo hapo: kilitoka kwenye koti la kijivu la Mzee mwenyewe. Koti liliporudi kufuliwa, alikishona kifungo mahali pake, akalikunja koti kifungo kikiwa juu, kimetulia kama shahidi.

Mzee alipokuja, alikitazama kifungo, kifungo kikamtazama.

"Ala! Asante sana, binti. Nilikuwa nakitafuta hiki."

Kisha akatumbukiza kitu ndani ya kopo, kitu kikalia. Dobi alisubiri hadi hatua zake zipotee, ndipo akafungua. Kifungo kingine.

Alicheka peke yake mpaka akaishika meza asianguke. Jioni ile alikula kiporo chake kama mtu aliyealikwa karamu. Mboga haikuwepo, lakini Mzee alikuwepo. Alimtafuna taratibu, akajiramba vidole. Ndivyo alivyoishi. Mchana alikusanya vijisarafu vyao na vijineno vyao, jioni akawapanga mmoja mmoja mbele ya macho ya moyo, akawapima, akawaona wepesi, akalala usingizi mzuri. Watu walimwona binti mpole, macho chini, sauti ya kunong'ona. Laiti wangejua walivyokuwa wakianikwa ndani ya kichwa kile, bila hata kibanio cha kuwasitiri.

Kwenye baraza iliyo mbele ya chumba alikaa Fundi Viatu, ambaye aibu haikuwahi kumjua. Yeye bei alizipiga kelele kama jogoo. "Soli, bei hii! Kisigino, bei hii! Hutaki, tembea peku, ardhi ni ya bure!" Dobi alimdharau pia. Alimwona mtu mchafu wa mdomo, anayemvua mteja nguo kabla hajamvua kiatu.

"Dobi!" Fundi aliita kila asubuhi. "Jana umefua nguo ngapi, na dhambi ngapi?"

Dobi alitabasamu tu, akaendelea kukamua.

"Nakuuliza wewe! Maana nguo zinatoka hapo safi, wenyewe nao wanatoka safi, wamelipa roho ilivyowatuma. Wewe unabaki na povu."

"Povu halimsumbui mtu," Dobi alisema chinichini.

"Halimsumbui, lakini halipikiki!" Na akacheka, akajipigia paja kwa nyundo.

Katikati ya watu hao alitokea Bi Ukarimu. Jina hilo Dobi alimpa mwenyewe, na mwanzoni halikuwa la kejeli. Alikuwa mama wa makamo, mwenye duka kubwa la vyombo, kitambaa cha kichwa kikilingana na mkoba na mkoba ukilingana na viatu. Siku ya kwanza Dobi aligeukia ukuta kama desturi. Mkwaruzo haukusikika. Badala yake alisikia viatu vikizunguka meza, na mara yule mama akawa mbele yake, uso kwa uso. Akaushika mkono wa Dobi, akaufungua kama mtu anayefungua bahasha, akaweka noti ndani, akavifunga vidole kimoja kimoja.

"Kazi kama hii hailipiki, mwanangu," alisema. "Mimi natoa tu."

Ilikuwa mara tatu ya bei ambayo mama yake Dobi angetaja. Na haikuwa siku hiyo tu. Miezi ikaenda, mkono ukafunguliwa na kufungwa. Dobi alimpenda. Alipowapanga wateja wake jioni, huyu hakuweza kumpima, alimruka. Ilikuwa nafuu kuwa na mtu mmoja duniani wa kumruka.

Nguo za Bi Ukarimu zikaanza kutangulia za wengine, bila mtu kuagiza. Halafu zikaja na mashuka. Halafu na mapazia, siku za Jumapili, mlango ukiwa umefungwa na Dobi akiwa amepumzika. Bi Ukarimu aligonga kwa pete yake, Dobi akafungua. Mara nyingine alikuja na rafiki zake, akawasimamisha mlangoni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa maziwa. "Huyu ndiye binti yangu niliyewaambia. Hana hata bei! Mwangalieni mikono yake. Mwanangu, hebu waonyeshe." Na Dobi, masikio yakimwaka, aliwaonyesha mikono iliyochubuliwa na sabuni, wakaguna kwa huruma. Siku nyingine alimwambia afunge kitambaa kichwani, hapendi unywele kwenye shati. Akafunga.

Kisha godoro likapelekwa nyumbani kwa mama yake, jipya, bado limo kwenye nailoni.

Alasiri moja Dobi alimkuta mama yake ameketi juu ya godoro hilo, amevaa gauni la kutokea.

"Kaa hapa, mwanangu," mama alisema, akipiga kiganja kwenye nailoni. "Yule mama amekuja leo. Ameongea na mimi dada kwa dada. Anataka ukakae kwake."

"Nikakae kwake nifanye nini?"

"Ufue nguo zake na za wanawe, upige pasi, uangalieangalie nyumba. Basi. Chumba chako mwenyewe nyuma kule, kitanda, chakula. Hutalala tena na harufu ya mkaa. Unaniona mimi kifua changu kilivyo. Unataka kuwa hivi?"

"Na mshahara?"

Mama alimtazama kama aliyesikia tusi. "Mshahara! Mtu anakulipa mara tatu ya haki yako, ananiletea na godoro, leo unamuuliza mshahara? Amesema atakupa roho itakavyomtuma."

Nje mtu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga.

"Na chumba cha kufulia?"

Mama alikohoa, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Alikohoa kirefu kuliko ilivyolazimu.

"Nimeshamwambia mwenye nyumba. Mwezi ukiisha kinakwenda kwa Fundi Viatu, anataka kuongeza mashine. Kesho yule mama anakuja kuchukua nguo zake, atakuuliza. Umjibu vizuri. Usinitie aibu."

Usinitie aibu, anasema yeye aliyeizaa! Dobi alitoka akaenda kuketi kizingitini. Alitaka kumdharau Bi Ukarimu. Alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko hata ya pasi. Alijua pa kuanzia, alijua pa kukunja. Akamweka mbele ya macho ya moyo na kitambaa chake, na mkoba wake, na viatu vyake. Kumbe naye alikuwa ameachiwa ataje bei kama wengine, akanyamaza, akalipa polepole kwa subira, na sasa malipo yametimia. Hakuwa akilipia mashati. Alimlipia yeye, mikono na unywele wake, kwa awamu. Hayo yote Dobi aliyaona wazi. Lakini dharau haikuja. Aliivuta, ikagoma.

Ndipo akajua kwa nini, na kujua huko kukamchoma kama pasi iliyogusa kiwiko. Dharau ni mali ya anayedai. Mdaiwa hana. Mwalimu, karani, Mzee na vifungo vyake, wote hao aliwadharau kwa sababu walipunja, na alikuwa akiwangoja wapunje. Miaka yote ile alilipwa kamili, bila upungufu: pale sarafu zilipokoma, dharau ilijazia. Wao walikwenda na nguo safi, yeye akabaki na ubora, ule wa kujiona juu yao. Ilikuwa biashara, tena yenye faida kubwa, ila mkaa haikununua. Na Bi Ukarimu, aliyelipa kupita kiasi, amekuwa akila ubora uleule kwa sahani yake, mezani pake, huku akimfunga vidole.

Kesho yake Bi Ukarimu alikuja asubuhi, peke yake. Mama yake Dobi alikuwa amejivuta hadi pale, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitabasamu kabla ya wakati. Nguo zilikuwa tayari, zimekunjwa, zimefungwa kwa uzi.

"Mwanangu, umezungumza na mama?"

"Tumezungumza, Mama."

"Basi alhamdulillahi. Jumamosi nitaleta gari." Akafungua mkoba, akazunguka meza, akanyoosha mkono kuuchukua mkono wa Dobi. Mkono haukuwepo. Dobi alikuwa ameuweka juu ya mzigo wa nguo.

"Mashuka manne," Dobi alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine, nyembamba, yenye mchanga. "Mashati sita. Pazia moja." Akaukaza uzi wa mzigo. "Elfu tatu na mia mbili."

Nje, nyundo ya Fundi Viatu ilikoma.

"Unasemaje?"

"Elfu tatu na mia mbili, Mama."

Bi Ukarimu alicheka kidogo, akamgeukia yule mama aliyeketi kwenye ndoo, kisha akamgeukia Dobi. Mkononi alikuwa na noti ya elfu kumi. "Mimi na wewe tuna bei?"

"Leo tunayo."

"Nimekukosea nini, mwanangu? Nani amekujaza maneno?" Aliitupa noti mezani, si kwa hasira, kwa namna ya kumtupia mtoto pipi ili anyamaze. "Chukua. Najua una mawazo."

Dobi aliichukua noti. Akalifungua kopo, akatoa noti ndogo zilizokunjamana, akaongeza sarafu, sarafu zilizochakaa za Mwalimu na za karani, akazipanga mezani.

"Chenji yako, Mama."

Ni ajabu jinsi chenji inavyoweza kumtukana mtu. Bi Ukarimu aliyatazama yale masarafu kama mtu aliyemwagiwa taka miguuni. Damu ilimpanda shingoni. Alikuwa tayari kudhulumiwa, kuombwa, kuliliwa. Kwa hayo yote alikuwa na uso wake maalumu. Kwa kulipa sawasawa hakuwa na uso.

"Na Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi nipo hapa. Nafungua saa mbili."

"Hapa wapi, chumba si kimeshachukuliwa?"

Dobi aliusogeza mzigo wa nguo mbele yake. Bi Ukarimu aliufunga mkoba, ukalia kama mlango. Akamtazama juu hadi chini, taratibu, kwa jicho ambalo Dobi alilijua vizuri kupita kiasi. Lilikuwa jicho lake mwenyewe, la jioni.

"Kumbe dobi tu," akasema. Akaichota chenji yote mpaka sarafu ya mwisho, akabeba mzigo wake, akaondoka.

Dobi tu. Neno lilimkaa begani, na ajabu, halikumbana popote.

"Umetuua," mama yake alisema kutoka kwenye ndoo. "Umetuua, na godoro nimeshalitoa kwenye nailoni, hata kurudisha hatuwezi." Alilia kidogo, akakohoa, kisha ghafla akamtazama binti yake kwa jicho la mfanyabiashara lililolala miaka. "Mashuka manne umesema? Pazia umelihesabu kiasi gani?"

"Mia saba."

"Mapazia yale mazito vile?" Akasonya. "Umeipunja nafsi yako."

Siku hiyohiyo Dobi alikwenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alisema yeye hana ugomvi na dobi wala fundi, mwezi ukiisha, atakayetangulia kuleta kodi ndiye mwenye chumba. Fundi Viatu alipoambiwa hivyo hakukasirika. Alikenua. "Basi ni mbio, Dobi! Mimi nina miguu, na viatu nashona mwenyewe."

Habari ilienea mtaani upesi kuliko moto. Mwalimu alipotajiwa bei alivua miwani, akaifuta, akasema pesa inaharibu vijana, akachukua mashati yake machafu akarudi nayo. Karani aliacha kuwa ndugu. Mchora mabango alikuja kudai kwamba maandishi yake yametukanwa. Mzee wa Mikutano hakuja kabisa, ila kwenye kikao cha mtaa alisimama akazungumzia tamaa, na inasemekana alizungumza vizuri sana. Walimdharau, wote, kwa kauli moja, watu waliomlipa kwa vifungo. Dobi aliyasikia hayo akiwa anaanika, akangoja moyo wake uwake ule moto wake wa zamani wa kupikia jioni. Uliwaka kidogo, ukafuka. Kamba ilikuwa na nafasi nyingi mno, na mwezi ulikuwa unakwenda.

Alikuwa akipuliza mkaa alipoingia mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumwona, mpana wa mabega, na gunia mgongoni. Alilitua sakafuni likanuka. Yalikuwa makoti meupe ya buchani, au yaliyokuwa meupe zamani, damu imekauka kwenye mikono hadi inasimama yenyewe.

"Wewe ndiye dobi? Haya. Makoti kumi. Kiasi gani?"

Dobi alilifungua gunia, akaligusa koti la juu, akalikunja upindo, akaunusa.

"Elfu nne."

"Eh!" Mwanamke wa bucha alirudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni. "Dada, nimekuletea makoti, sikukuletea ng'ombe!"

"Ng'ombe ningemwosha kwa bei nafuu," Dobi alisema. "Huyo damu yake bado iko ndani."

Mwanamke alicheka, kicheko kikubwa cha tumboni, kisha akakikata katikati kama mtu anayekata nyama. "Elfu mbili."

"Elfu mbili ni maji tu. Sabuni je?"

"Elfu mbili na mia tano, na kila wiki nitakuletea."

"Kila wiki utaniletea kazi ngumu, halafu unataka nikushukuru. Elfu tatu na mia nane."

"Wewe una roho ngumu, dada."

"Roho haimo humu," Dobi alisema. "Humu mna makoti kumi."

Fundi Viatu alikuwa ameshika msumari katikati ya midomo, hapigi. Mwanamke wa bucha alimtazama Dobi, na Dobi alimtazama yeye, macho yasikwepane, kila mmoja akimsoma mwenzake atakakofika. Hapakuwa na huruma katika macho yale, wala sala, wala udada. Dobi aligundua kwamba sauti yake ilikuwa imepanda, na kwamba hakujua ilipanda lini.

"Basi, nitatafuta kwingine," mwanamke akasema. Akaliinamia gunia, akalitupa begani, akaelekea mlangoni kwa hatua za polepole, za mtu anayengoja kuitwa. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kwenye kizingiti akasimama kidogo, akirekebisha gunia ambalo halikuwa limelegea.

Dobi aliinua kifuniko cha pasi, akaupuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu. Hakumwita bado.